Mapendo kwa Wasafiri Waliokwama Njiani



Katika nchi ya Katanga mvua huanza kunyesha karibu na mwisho wa mwaka, nazo hazikomi hata mwezi wa nne. Siku hizo barabara za udongo hugeuka. Palipokuwa na vumbi pana matope mekundu, na palipokuwa na shimo dogo pana ziwa. Basi kamyo yenye mifuko ya mahindi na chumvi na samaki wakavu, na juu ya mizigo watu wameketi na kuku zao, hufika mahali pa bondeni. Magurudumu huzunguka bure, moshi hutoka mwingi, kisha gari hutulia, limezama hata tumbo lake lagusa udongo. Shofere hushuka, hutazama, hushika kiuno. Na watoto wa kijiji kilicho karibu wamekwisha kusikia mlio wa moteri tangu mbali, nao wanakuja mbio.

Watu wazima wanakuja nyuma yao. Wanakuja kwa sababu gani? Yuko anayekuja na jembe ili asaidie. Yuko anayekuja mikono mitupu, apate kuona tu. Yuko anayekuja na jembe vilevile, lakini amelificha majanini mpaka bei itajwe. Tena yuko anayekuja na kikapu kitupu, akiangalia upande ule ambapo kamba za mizigo zimelegea. Wote wanne wanatembea njia moja, na pengine huketi benchi moja katika mafundisho ya dini. Wote wamejifunza Katekisimu ileile, ya kwamba mtu ampende Mungu kuliko vyote, na jirani yake kama nafsi yake.

Wengine husema: "Jirani ni mtu wa kijiji, ni ndugu na mkwe. Lakini shofere huyu ni nani? Baba yake hatumjui. Anasema Lingala, na kesho atakuwa mbali." Neno hili si jipya. Mwalimu mmoja wa Sheria alimwuliza Bwana Yezu swali hilohilo, jirani ni nani, naye Bwana Yezu akamjibu kwa kumwonyesha njia.

Njia ile ilikuwa njia ya kweli, nayo iko hata leo. Kutoka Yeruzalemu mpaka Yeriko ni kilometa 27 hivi, na mtu anateremka zaidi ya meta 1000, kwa sababu Yeruzalemu umejengwa juu ya milima, na Yeriko uko chini kabisa, chini hata ya bahari. Ni nchi kavu ya mawe na makorongo, mahali pazuri pa wanyang'anyi kujificha. Watu wa Kivu wanaoyajua materemko ya Ngomo, au ya Kabasha juu ya bonde la wanyama, wanaweza kuiona njia hiyo kwa macho ya moyo. Mtu mmoja alilala pale, amepigwa, amevuliwa nguo, karibu kufa. Kuhani akapita upande wa pili. Mlawi naye akapita upande wa pili. Injili haisemi kwamba walimchukia. Huenda waliogopa, huenda walikuwa na haraka, huenda kila mmoja aliwaza kwamba mwingine anakuja nyuma ambaye atasaidia. Hayo ndiyo mawazo ya kila mtu anayepita gari lililoharibika bila kugeuza shingo.

Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakula nalo pamoja. Na wakatekumeni waangalie vema alichofanya, kwa maana mara nyingi hukumbuka huruma yake tu na kusahau kazi yake. Alifunga vidonda. Alimimina mafuta na divai, vitu vyake mwenyewe, alivyovichukua kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, na kwa hiyo yeye alitembea kwa miguu. Alimfikisha nyumba ya wageni, akamwangalia usiku. Asubuhi alitoa dinari mbili, ndiyo mishahara ya siku mbili za kibarua, akaahidi kulipa na zaidi wakati wa kurudi. Hakumwuliza yule mtu jina la baba yake.

Lakini mtu atasema: "Msamaria alimkuta mtu anayekufa. Gari lililokwama si mtu, ni chuma." Basi asikie Sheria ya Musa. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asimwache hapo, bali amsaidie mwenyewe kumwinua. Punda ndiye kamyo ya watu wale. Alibeba ngano na mafuta ya zeituni na vyungu, naye akianguka katika njia ya mawe, mtu mmoja peke yake hakuweza kumsimamisha. Angalieni maneno mawili katika amri hiyo. La kwanza, punda ni wa adui, si wa rafiki. La pili, Mungu anaamuru kumsaidia mwenye punda, hasemi kufanya kazi yote mahali pake. Basi shofere anayeketi kivulini, akivuta sigara na kuwaamrisha vijana wa kijiji kana kwamba ni wafungwa, huyo naye hajaielewa amri. Ashike jembe pamoja nao.

Juu ya neno hilo la adui, mfano utasaidia. Wawekwe mbele ya macho watu wa kijiji kimoja, kiwe popote kando ya barabara kuu. Mwezi wa saba, wakati wa vumbi, kamyo moja ilipita kwa mwendo mkali, ikamgonga mbuzi wa mama mjane, wala haikusimama. Mwezi wa pili, wakati wa mvua, kamyo ileile ikazama hatua mia mbili kutoka nyumba ya mama huyo. Vijana wakamtambua shofere.

"Ndiye!" wakasema. "Leo yuko mikononi mwetu. Akae hapa mpaka magurudumu yaote uyoga."

Mzee mmoja, Mkristu wa miaka mingi, akawaambia: "Mbuzi atalipwa, wanangu. Lakini kwanza mtu huyu atoke matopeni. Juu ya mizigo kuna mama mwenye mtoto anayekohoa, na mvua nyingine inakuja."

Kijana mmoja akajibu kwa heshima: "Baba, maneno yako ni mema. Lakini akishatoka, atakimbia kama siku ile."

Mzee akanyamaza, kwa maana kijana alisema kweli, na mzee hakuwa na dawa ya jambo hilo. Kisha akaenda kwa shofere, akasema mbele ya wote: "Bwana shofere, mwezi wa saba uliua mbuzi wa mama huyu. Watu hawa wanakujua. Sasa watakusukuma, nawe utachimba pamoja nao. Neno la mbuzi litasemwa ukiwa juu ya njia kavu." Shofere aliinama, hakujibu. Wakachimba, wakakata matawi, wakasukuma saa nzima. Yule mama mjane hakusukuma kwa sababu ya uzee; alileta maji ya kunywa katika kibuyu, akawapa wote, na shofere akampa wa mwisho.

Je, kamyo ilipofika juu ya njia kavu, shofere alizima moteri ama alikimbia? Mfano hauna haja ya kusema. Kama alizima, mama alipata haki yake. Kama alikimbia, deni lake mbele ya Mungu limekuwa kubwa mara mbili, na vijana wale hawakupoteza kitu ila jasho. Mtoto mwenye kikohozi alilala penye moto usiku ule, na jambo hilo halikungoja shofere awe mtu mwema.

Sasa lifuatwe jambo ambalo mapadri na makatekista huulizwa mara nyingi, yaani mizigo. Gari likipinduka na mifuko ikipasuka, unga huo ni wa nani? Wengine husema ni wa Mungu aliyeuangusha. Wengine husema ni wa tajiri, na tajiri ana mwingine. Wengine husema: "Ungeharibika kwa mvua, afadhali tule." Amri ya saba haijui mlango huo. Kitu kilichoanguka kutoka katika gari hakikuanguka kutoka katika mali ya mwenyewe. Na mara nyingi mwenyewe si tajiri. Katika kamyo moja, mfuko huu ni wa mama anayeuza sokoni, aliyekopa fedha ili anunue. Mfuko ule ni wa mwalimu anayepelekea wazazi wake chakula. Anayeuchukua mfuko hajui amemwibia nani, na kutojua kwake hakumfanyi asiwe mwizi. Kama mwenye mali mwenyewe anasema, "Huu umelowa, chukueni mle," hiyo ni zawadi, na watu wale kwa shukrani.

Tena mkatekumeni asijidanganye akisema: "Ubatizo utaondoa yote." Ni kweli, Ubatizo unaondoa dhambi zote za mtu anayetubu. Lakini anayetubu kweli hawezi kuushika mfuko wa mwenzake chini ya kitanda huku akiinamisha kichwa chake kwenye maji matakatifu. Deni la kurudisha linabaki. Zakayo alipompokea Bwana Yezu nyumbani mwake, hakulia tu. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa kila mtu aliyemdhulumu. Kama mwenye mali hajulikani tena, mtu amwendee padri, naye atamwonyesha namna ya kuwapa maskini thamani ya kile kitu. Hakuna haya katika kufanya hivyo. Haya ni kukaa nacho.

Lakini kuna mizigo ambayo si dhambi tu kuigusa, ni mauti. Jambo lililotokea Sange lazima lisimuliwe kwa watoto katika kila kijiji kilicho kando ya barabara. Sange iko katika bonde la Ruzizi, katika njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira. Tarehe 2 ya mwezi wa saba, mwaka 2010, jioni, gari kubwa lililobeba mafuta ya moteri lilipinduka katikati ya makao ya watu. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na beseni na madumu wapate kuyachota. Walionywa waondoke, lakini wengi hawakuondoka. Wengine hawakuja kuchota kitu chochote, walikuwa katika nyumba zao, au wamekusanyika kutazama mchezo wa mpira wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukawaka. Ukaruka juu ya nyumba za majani, ukawafikia waliochota na wasiochota, wakubwa na wadogo. Watu zaidi ya 230 walikufa. Walizikwa wengi pamoja.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba Mungu aliwaadhibu wale kwa sababu ya beseni zao. Bwana Yezu mwenyewe alikataza kusema hivyo, alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alisema hawakuwa wakosefu kuliko wengine. Wafu wa Sange waombewe, wasihukumiwe. Lakini walio hai wajue namna mafuta yanavyoua. Esanse ikimwagika hutoa mvuke ambao jicho halioni. Mvuke huo ni mzito, hutambaa chini kama moshi wa asubuhi, hufika mbali na gari, na ukikuta jiko la makaa, au sigara, au taa, au cheche ya chuma kwa chuma, unawaka wote mara moja na kurudi mpaka kwenye gari. Mazuti hayawaki upesi hivyo, lakini mtu aliyesimama mbali hawezi kujua gari limebeba kipi. Basi gari la mafuta likianguka, kazi ya mapendo ni hii: kumtoa shofere kama inawezekana bila moto, kuzima majiko ya nyumba zilizo karibu, kuwapeleka watoto upande ule upepo unakotoka, na kuwazuia wenye madumu. Anayemnyang'anya mwenzake dumu siku hiyo amemtendea mema kuliko anayempa mfuko wa unga.

Kwa watu wa Lualaba, pana hatari nyingine. Magari yanayokwenda kwenye migodi ya shaba na kobalti hubeba asidi. Mwezi wa pili wa mwaka 2019, mahali paitwapo Kabwe, katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, gari la asidi liligongana na magari mengine, na watu kama 20 wakafa, wengine wakaungua vibaya. Asidi huonekana kama maji au kama mafuta. Mtu asiikanyage, asiinawe, asiichote. Akimwona mwenzake imemrukia, amvue nguo upesi na kummwagia maji safi mengi, mengi kabisa, bila kuchoka, mpaka apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Neno la mshahara halihitaji maneno mengi. Mtu aliyechimba matope nusu siku ana haki ya kupewa kitu, na shofere mwenye kupakia mizigo ya watu kwa fedha ana wajibu wa kutoa. Bwana Yezu hakudharau ujira wa mfanya kazi. Lakini bei itajwe kama watu wanavyotaja bei ya siku ya kulima, si kama bei ya mtu aliyeshikwa shingo. Maji ya kunywa yasiuzwe kabisa. Kikombe cha maji alichopewa mwenye kiu kina thawabu yake kwa Mungu, na haifai kubadilisha thawabu hiyo kwa franka chache. Na mtu akiwa ameumia, bei isitajwe hata kidogo kabla hajatolewa.

Juu ya wale wanaochimba shimo usiku katikati ya barabara, wakalijaza maji na matope laini, wapate kusukuma magari asubuhi kwa malipo: wao wanajijua. Sheria ya Musa iliamuru kwamba mtu aliyechimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda akatumbukia, alipe mnyama huyo. Basi mtu akitumbukia atalipwa kwa nini? Pengine katika gari lile kuna mwanamke anayepelekwa kuzaa. Vijana wenye nguvu za kuchimba shimo wanazo na nguvu za kuliziba, nao wakifanya hivyo mchana, mbele ya watu, kwa mawe na changarawe, wataona kwamba mashofere hutoa zawadi kwa hiari kwa ajili ya njia nzuri.

Mapendo bila busara huumiza. Kuna watu walioenda kusaidia, wakafa wao wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kushika gari, mawe makubwa yawekwe kwenye magurudumu, ili lisirudi nyuma. Mahali pa mteremko, asisimame mtu upande wa chini. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki tu. Kriki huteleza katika udongo laini kama mguu wa mtu unavyoteleza, basi na liwekwe gogo au mawe imara chini ya chuma cha gari. Chombo cha maji ya moteri kisifunguliwe kikiwa cha moto, kwa maana maji yale huruka na kuchoma uso. Watoto wapewe kazi ya mbali: ndio watakaokata matawi mabichi na kuyaweka kando ya barabara, mbele na nyuma ya gari, hatua mia moja au zaidi, ili magari yanayokuja yajue. Matawi yale yameokoa watu wengi kuliko wanavyojua walioyakata. Wasaidizi wachimbe mbele ya magurudumu, waweke mawe na matawi, na mizigo ipunguzwe kwanza. Kusukuma gari lililojaa ni kiburi tu.

Kama mtu amevunjika, asivutwe mkono kama mfuko. Shingo na mgongo vikae sawa, abebwe na watu wengi pamoja juu ya ubao au mlango, isipokuwa moto uko karibu. Hapo atolewe kwa namna yoyote. Damu inayotoka sana ibanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia.

Na nchi ya Kongo, hasa upande wa mashariki, imeona vita, na njia zake zimeona wanyang'anyi. Si kosa kuogopa usiku. Mtu akiona taa za gari lililosimama porini, asiende peke yake. Amwite kapita, waende wengi, wenye taa, wakisema kwa sauti. Kama kuna hatari iliyo wazi, watoe habari kwa simu kwa wakubwa wa mahali. Mungu hakumwamuru mtu ajitupe mtegoni. Lakini kila mmoja aupime moyo wake kwa kweli, kwa maana neno "naogopa" mara nyingi ni nguo ya neno "sitaki".

Watu waliokuwa juu ya mizigo wasisahauliwe. Shofere ana gari lake la kulilinda. Wao hawana kitu. Katika matendo ya huruma ambayo wakatekumeni hujifunza kwa moyo kuna kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, na kumpokea mgeni. Mara chache Mungu huleta matendo matatu mlangoni kwa mara moja namna hii. Mke asiye na mume wake njiani alazwe kwa familia yenye mama, si kwa kijana asiye na mke. Chakula kiwe kile kilichopo. Bukari na sombe iliyobaki vinatosha. Hakuna anayedai kuku.

Mashofere wengi hutundika mbele yao medali ya Mtakatifu Kristofa. Jina lake kwa lugha ya Kigiriki ni "mchukua Kristu", na masimulizi ya zamani yanasema alikuwa mtu wa nguvu, aliyewavusha wasafiri mtoni juu ya mabega yake, mpaka usiku mmoja akamvusha mtoto aliyekuwa mzito kuliko wote, naye alikuwa Bwana Yezu. Ni vema kuvaa medali yake na kumwomba. Lakini medali si hirizi, wala haikazi freni. Shofere aliyekunywa pombe akijitumainia medali anamjaribu Mungu. Mwaka 2007 Roma ilitoa maandiko maalumu juu ya watu wa barabarani, na ndani yake kuna amri kumi za wenye kuendesha magari. Ya kwanza ni kwamba wasiue.

Nao mashofere, gari lao likishapona, wasiache mawe waliyoweka njiani. Huu ni uovu mkubwa ambao watu wameuzoea kama jambo dogo. Mawe yale yaliyolisaidia gari la mchana ndiyo yatakayoua mtu wa baiskeli usiku. Kama shofere ameondoka bila kuyaondoa, wanakijiji wayaondoe.

Pana na habari nyingine ya njia katika Maandiko Matakatifu, ambayo mkatekumeni wa Afrika ana haki ya kuipenda. Mtu mkubwa wa malkia wa Etiopia alikuwa akirudi kutoka Yeruzalemu, ameketi katika gari lake la farasi, akisoma kitabu cha nabii Isaya bila kukielewa. Filipo akaenda mbio akalifikia gari, akamwuliza kama anaelewa. Mgeni yule akamwomba apande aketi naye. Gari lake halikuharibika. Kilichokwama ni akili yake. Filipo akamsaidia katika hilo, na walipofika penye maji akambatiza palepale kando ya njia. Padri anapobariki gari jipya, Eklezya inaikumbuka habari hiyo katika sala zake.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa sana: Je, siku ya Dominika ni halali kumsaidia aliyekwama? Kusukuma gari ni kazi ya mikono, na siku hiyo ni ya kupumzika. Bwana Yezu aliwajibu Mafarisayo juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato: hakuna kati yao ambaye angemwacha mpaka kesho. Basi ni halali, na kuacha ni vibaya zaidi. Lakini wasiende watu wote kwa gari moja, wakapata njia ya kukimbia sala. Wanaume kumi wenye nguvu wanatosha. Wengine waende kanisani, waanze kwa saa yake. Na wale kumi wakiingia wamechelewa, nguo zimelowa na miguu ina matope, wasisimame nje kwa haya. Katekista awaachie benchi la nyuma, na mama mmoja aweke maji na kitambaa karibu na mlango.